Kichaka cha asili kinachotoa maua kipupwe, Dodoma: nimeona deseti rozi ya kubebesha, ninunue?

Mama Tunu Nzuguni

Mbukwenyi wadau wa bustani. Naombeni ushauri wenu kabla sijatoa hela. Tumehamia kwetu huku Nzuguni mwaka jana, kiwanja ni kichanga chekundu, jua lote letu na upepo ndo usiseme, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane unapuliza kutwa nzima vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Mvua ikikata mwezi wa nne huku kila kitu kinakuwa kahawia mpaka Disemba, na maji ya bomba yanakuja kwa mgao kwaiyo siwezi kukaa namwagilia mawaridi kila jioni.

Ninachotaka ni kichaka kimoja kizuri mbele ya baraza, kisizidi kimo cha kifua, kiwe ni mmea wa asili ya huku kwetu na kitoe maua kipindi hiki hiki cha baridi na ukame wakati vingine vyote vimelala. Sitaki kitu ambacho nitakuwa nakibembeleza.

Sasa juzi nimepita kitalu kimoja cha barabarani nikaona deseti rozi, kimti kifupi shina limetuna chini, halina jani hata moja lakini limejaa maua, petali nyeupe, kingo zimejikunja kunja na zina mstari mwekundu umezunguka petali yote. Jamani ni pazuri pale, nilisimama. Muuzaji anasema ni ya kubebesha, yaani tawi la aina moja limeungwa juu ya shina la nyingine, na bei yake elfu hamsini, pembeni ana zingine za pinki za kawaida elfu kumi na mbili, akasema zote ni mmea mmoja wa hapa hapa Tanzania tofauti ni rangi tu. Maswali yangu: ni kweli ni mmea wa asili? Hiyo ya kubebesha itahimili Dodoma? Na nina mtoto wa miaka miwili, nimesikia juu juu kwamba ina sumu, ni kweli au ni maneno ya watu?

Kibaoni88

Dada panda bogenvilia umalize. Haina shida ya maji, inatoa maua mwaka mzima, Dodoma nzima imejaa na zinakubali.

Mama Tunu Nzuguni

Asante kaka, bogenvilia ninayo tayari ukutani naipenda pia, ila asili yake Brazili huko. Hapa nataka cha kwetu, alafu miiba na mtoto mdogo mbele ya baraza sitaki.

Fundi Miche Kisasa

Dada Mama Tunu karibu sana, hapa umenigusa maana hii mimea ndo ninayoshinda nayo kwenye viriba kila siku. Nakujibu kwa kirefu kidogo.

Kwanza asili. Deseti rozi ya kawaida, ile ya pinki, jina lake la kitaalamu Adenium obesum, ni ya kwetu kabisa hilo halina ubishi. Inaota yenyewe kuanzia Senegali huko inapita kusini ya Sahara mpaka Ethiopia, Kenya, Tanzania na ng'ambo Uarabuni. Hapa nchini ukienda Ruaha kiangazi au ukipita upande wa Same na Mkomazi utaikuta imesimama kwenye mawe haina jani, pinki tupu, na hakuna mtu aliyeimwagilia.

Ila hiyo uliyoelezea wewe, nyeupe yenye kingo nyekundu zilizojikunja, na imechanua sasa hivi kwenye baridi ikiwa haina jani kabisa, hiyo kwa maelezo yako si obesum. Hiyo ni ndugu yake wa kusini, Adenium multiflorum, au chotara aliyezaliwa naye. Multiflorum kwao ni Msumbiji, Zimbabwe, Zambia, Malawi, Eswatini na Afrika Kusini, waliowahi kufika hifadhi ya Kruger mwezi wa saba wanaijua, inapamba kambi zote kipindi ambacho nyasi zimekauka. Kuna wataalamu wanaihesabu kama aina ndogo ya obesum na wengine wanaitenga, lakini tabia yake inajulikana, inamwaga majani ikianza baridi alafu inachanua kuanzia kama mwezi wa tano mpaka wa tisa. Kwaiyo muuzaji wako amekosea kusema tofauti ni rangi tu. Ni mmea mwingine na ratiba yake ya maua ni nyingine.

Ya kwetu obesum inachanua ikipata jua na joto. Kiangazi ndo msimu wake mkubwa lakini ile katikati ya baridi hasa, usiku ukishuka kwenye nyuzi 13 au 14 kama huku kwetu mwezi wa saba, inapumzika kidogo, unakuta maua machache, alafu joto likianza kupanda mwezi wa nane na wa tisa inafumuka. Nakwambia hivi mapema usije ukanunua ya pinki ukategemea mwezi wa sita tarehe moja imejaa maua.

Sasa ya kubebesha. Hapo hakuna ubaya wowote, ni kama embe tu, shina la chini ni mche wa mbegu, juu wamebandika kikonyo cha aina wanayotaka. Aina nyingi za rangi rangi na zile za petali tabaka mbili tatu zimetengenezwa Thailand na Taiwani, wenzetu huko wamechukua mmea wa Afrika na Uarabuni wakauchambua miaka na miaka. Ukipanda mbegu ya aina hizo haizai kama mama yake ndo maana lazima ibebeshwe. Ukienda kununua angalia pale kwenye kiungo. Kiungo kizuri kimeziba pande zote, unapitisha kidole hausikii ufa, na juu na chini vinakaribiana unene. Ukiona pana kovu jeusi linalegea au kikonyo kinacheza ukikigusa, acha hata akupunguzie. Alafu bonyeza shina la chini lile lililotuna. Linatakiwa liwe gumu. Likibonyea huenda limeanza kuoza ndani na hakuna dawa ya kukuhakikishia.

Sista Neema wa zamu

Naomba nijibu hili la sumu na naomba lisichukuliwe kirahisi. Ni kweli ina sumu, mmea mzima, na utomvu ule mweupe ndo hasa. Ni sumu ya kuvuruga mapigo ya moyo. Wahadzabe kule ziwa Eyasi wanautumia utomvu wa mti huu kwenye mishale, unapikwa mpaka unakuwa mzito mweusi alafu unapakwa kwenye ncha, na wanaangusha nao wanyama wakubwa. Sasa kitu cha kuangusha mnyama mkubwa hakitanii na mtoto wa miaka miwili.

Kugusa tu ua au shina kavu hakuna shida. Shida ni kutafuna, na utomvu kuingia machoni au kwenye kidonda. Mtoto wa miaka miwili kila kitu kinaenda mdomoni, na yale maua yakidondoka chini yanavutia mno. Kwaiyo Mama Tunu, ushauri wangu kama ni lazima uwe nayo iwe kwenye chungu juu ya ukuta au nguzo ambapo mikono yake haifiki, na maua yanayodondoka uyaokote. Ukikata matawi vaa glovu, nawa kwa sabuni, kisu usikirudishe jikoni. Ikitokea mtoto katafuna, usimpe maziwa wala usimtapishe, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo na ubebe kipande cha mmea wakione. Dalili ni kutapika, kuhara, kulegea na moyo kwenda ovyo, lakini wewe usisubiri dalili.

Mama Tunu Nzuguni

Sista Neema ubarikiwe, hapa nimeshtuka kweli. Ule mpango wa kuipanda chini mbele ya baraza nimeufuta mpaka akue. Baba yake anajenga nguzo mbili za tofali pale getini, nafikiria kuweka chungu kikubwa juu ya kila nguzo, urefu wa nguzo ni kama kichwa changu. Je upepo hautaiangusha? Na udongo wa kwenye chungu niweke nini?

Mzee wa Mtera

Salaam wanangu. Mimi nasema acheni hizo za Thailand. Mtu anauliza mmea wa asili anaambiwa elfu hamsini kikonyo cha Taiwani, hiyo asili iko wapi? Njooni huku njia ya Iringa mzione zilizoota zenyewe kwenye majabali katikati ya mibuyu, shina nene kuliko paja la mtu, hiyo ndo deseti rozi. Vijana wanakuja na pikapu wanang'oa za miaka na miaka wanapeleka mjini kwa wenye mahoteli. Nyingi zinafia huko huko maana mizizi imekatwa yote. Linaniuma sana jambo hili. Mche mdogo wa mbegu unapatikana, kuna haja gani ya kwenda kung'oa bibi wa watu porini?

Fundi Miche Kisasa

Mzee shikamoo. Kwenye kung'oa niko na wewe asilimia zote. Kwanza kwenye hifadhi ya msitu kung'oa mmea bila kibali ni kosa, Sheria ya Misitu ya 2002 iko wazi, na pili hata kibiashara ni ujinga, mche wa mbegu unafata udongo wako na maji yako tangu mdogo. Dada ukiambiwa "hii nimetoa porini" na ukaona shina kubwa lina alama za kukatwa mizizi, usinunue, unalipia uharibifu.

Ila kwenye kubebesha mzee naomba tupishane kidogo. Mimi ninavyofanya, shina la chini ni obesum yetu ya mbegu za hapa hapa Tanzania, inayojua jua la Dodoma. Kikonyo cha juu ndo cha nje. Nikifanya hivyo yule anayetaka maua ya tabaka tatu anayapata na hapati sababu ya kwenda kung'oa la porini. Shina zuri lililotuna linatoka kwenye mbegu tu, tawi ulilokata ukalichomeka linaota ndio lakini tumbo lake haliji vizuri.

Mama Tunu kuhusu chungu. Chagua chungu kipana kifupi kizito, cha udongo au cha saruji, chenye tundu kubwa chini. Kirefu chembamba upepo wa huku utakiangusha. Kisimike na saruji kidogo kwenye nguzo lakini usizibe tundu. Udongo: kichanga cha mtoni kile chenye punje kubwa, kiwe zaidi ya nusu, alafu samadi iliyooza kabisa kiasi, na kokoto ndogo au tofali lililopondwa. Ukimwaga maji yatoke chini hapo hapo unapoangalia, yakisimama juu hata dakika moja ongeza kichanga. Huu mmea haufi kwa kiu, unakufa kwa maji, na hasa maji kwenye baridi. Kipupwe ukiona majani yanakuwa ya njano yanadondoka watu wanakimbilia ndoo, ndo wanaiua hivyo. Majani kudondoka mwezi wa sita ni kawaida yake. Mwagilia kidogo kila baada ya wiki mbili, au tatu, udongo uwe umekauka mpaka chini. Joto likirudi mwezi wa tisa unaongeza taratibu. Na jua la kutwa, kivulini inarefuka tu haitoi ua.

Kibaoni88

Sikujua kama kuna aina mbili, nlidhani zote ni deseti rozi tu. Mkuu hizo za tabaka tatu kwa Dodoma unazionaje?

Fundi Miche Kisasa

Nzuri kwa macho na ua moja linakaa siku nyingi. Ila ni nzito, mvua za Januari zikipiga yanaloa yanaoza kwenye tawi. Kwenye baraza lenye paa sawa.

Amani wa Ndege

Niongezee la ndege kidogo, samahani natoka nje ya mada kidogo lakini si sana. Hayo maua ya tabaka nyingi yanatokana na viungo vya uzazi vya ua kugeuka petali, kwaiyo mdudu akija anakuta hakuna njia ya kuingia na chavua hakuna au ni kidogo. Kama Mama Tunu anataka bustani ya asili si kwa jina tu, aweke pia kitu ambacho viumbe wa hapa wanakula kiangazi. Mimi ningeshauri mshubiri wa porini, mingi inatoa maua kiangazi hiki hiki, vile vishada vyekundu au vya chungwa vilivyosimama juu ya fimbo. Chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya maji matamu ya maua, hawakosi. Asubuhi hivi saa moja wanakuja dume na jike, dume anang'aa kijani, anashika fimbo ya ua ananing'inia kichwa chini anaingiza mdomo kwenye kila kitundu kimoja kimoja kuanzia chini vilivyofunguka kwenda juu, anamaliza kishada anahamia kingine. Kama una dirisha la jikoni linaloangalia huko utachelewa kazini kila siku.

Mshubiri unakaa kwenye kichanga, maji hautaki, mbuzi wa jirani hawaugusi. Miiba yake ya pembeni ya jani ni midogo, panda nyuma ya nguzo.

Mama Tunu Nzuguni

Huo wa chozi nimeupenda, nitaweka nyuma ya nguzo upande wa nje. Sasa Fundi niambie ukweli, kwa hela yangu, nguzo ni mbili. Nichukue ile nyeupe yenye kingo nyekundu au ya pinki?

Fundi Miche Kisasa

Lengo lako la kwanza lilikuwa maua kipupwe, na hilo ile nyeupe ya kusini inalijua kuliko ya kwetu. Lengo la pili ni asili ya hapa, na hilo ni ya pinki peke yake. Kama ni mimi ningeweka moja moja. Nyeupe inafungua mwezi wa sita, wa saba, ikianza kuchoka ya pinki ndo inapamba moto mwezi wa nane mpaka wa kumi, kwaiyo geti lako lina maua karibu ukame wote. Lakini kama hela ni ya mche mmoja chukua pinki. Itakaa hapo mpaka Tunu aolewe.

Punguza ile elfu hamsini bwana, akifika thelathini na tano mwambie umpe. Na muulize shina la chini kalitoa wapi.

Sista Neema wa zamu

Kimo cha nguzo uhakikishe hakuna kiti wala ndoo ya kupandia karibu. Watoto wa umri huo wanasukuma vitu wanapanda.

Bwana Shamba mstaafu Mpwapwa

Kwa wadudu hamjasema chochote. Wapo wadudu mafuta wa njano wanaojaa kwenye vichipukizi na vikonyo vya maua, hao waoshe kwa maji ya sabuni ya mche, asubuhi, siku kadhaa mfululizo. Vidung'ata vile vyeupe kama pamba vinajificha kwenye maungio ya matawi na kwenye mizizi, futa kwa pamba yenye spiriti. Na kipindi cha mvua majani yakirudi akaja kiwavi mmoja mnene wa kijani, urefu wa kidole, ana doa la bluu mbele kila upande linalofanana na jicho, huyo usiku mmoja anamaliza majani yote ya mche. Usipulizie dawa mche mzima kwa ajili yake, anaonekana, mtoe kwa mkono wenye glovu. Sumu ya mti huu yeye haimdhuru. Anakuwa nondo mkubwa mzuri wa kijani na pinki, mimi huwa namhamishia kwenye kichaka cha olianda nyuma ya nyumba maana ndo chakula chake kingine.

Na jambo la kubebesha kwa wanaotaka kujaribu wenyewe, ngojeni joto, mwezi wa tisa kuja wa kumi na moja. Kwenye baridi hii kiungo hakishiki, utomvu hautembei. Wembe mpya, kata moja safi, funga nailoni, funika na kimfuko, weka kivulini mpaka uone kichipukizi kinasogea.

Mama Tunu Nzuguni

Wadau nimerudi. Ile nyeupe nimechukua kwa thelathini na nane, kiungo nimekipitisha kidole kiko sawa, shina gumu. Muuzaji kasema shina la chini ni mbegu alizotoa kwenye mama yake wa pinki uani kwake, akanionyesha na huyo mama mwenyewe. Ya pinki nimechukua ndogo ya mbegu. Zipo kwenye kivuli chepesi siku hizi chache mpaka saruji ya nguzo ikauke. Na yule mama yake wa pinki ana vitu viwili kama pembe za mbuzi vimeshikana kwenye tawi, kijani kijivu, muuzaji anasema ndo mbegu. Kanikubalia nichukue zikikomaa. Nazitambuaje na nazipanda lini?

Mzee wa Mtera

Sasa hapo umefanya jambo binti yangu. Hizo pembe ndo zenyewe. Muda utafika zitageuka kahawia na mstari wa ubavuni utaanza kufunguka, na siku hiyo zikifunguka upepo wa Dodoma utabeba zote, maana kila mbegu ni kijiti chembamba kina manyoya ncha zote mbili, kinaruka kinabingirika hukioni tena. Kwaiyo mwambie muuzaji leo hii azungushie kipande cha neti ya mbu, afunge na uzi juu kwenye kikonyo, asibane sana.

Fundi Miche Kisasa

Mzee kamaliza. Mimi naongeza hapo hapo, ukishazipata zing'oe yale manyoya, zilaze kwenye kichanga chenye unyevu usizifukie sana, nusu sentimita inatosha. Zikiwa mbichi mpya na kuna joto wiki moja tu zimeota. Zikikomaa mwezi wa kumi, wa kumi na moja, panda hapo hapo usizitunze mpaka mwakani, zinapoteza nguvu. Na kama zitakuwa nyingi niachie chache, nakuja kuzifata Nzuguni mwenyewe nakuletea viriba na kichanga cha mtoni.